Ufito wa Tatu

Marlys Sobotta aliingia dukani kwa Lavonne akiwa ameshakasirika kabla mtu hajamwambia neno. Nyuma yake aliingia shemeji yake Delbert, kaka mkubwa wa mumewe, akipiga mluzi kama mtu anayekwenda harusini.

"Haya, tumekuja kumnunulia huyu ufito mwingine wa kuvulia," Delbert alitangaza. "Wa tatu tangu Juni! Wenzake wananunua viatu, huyu ananunua fito."

Wendell akacheka mpaka kahawa ikamwagikia mkononi. Alikuwa fundi bomba mstaafu, na kila Jumamosi aliegemea jokofu lile lile, soda juu, ruba wa chambo chini. Hakuna aliyewahi kumwona akinunua kitu zaidi ya kahawa, na hakuna aliyewahi kutoka pale bila ushauri wake.

"Samaki wamemzoea," Wendell akasema. "Wanakuja, wanamsalimia, wanarudi kwao."

Marlys akajifanya anatazama ndoana ukutani. Uso ulimwaka moto. Alikuwa na jibu, tena zuri, lakini majibu yake mazuri yalikuwa na tabia ya kumjia akiwa ameshafika nyumbani, anaosha vyombo.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba walisema kweli. Tangu Juni alikuwa amepoteza besi saba, wale samaki wa kijani wenye mdomo mpana kama mfuko. Si samaki waliogusa chambo na kwenda zao. Wote saba walinasa, wakapigana, wakachoka, wakavutwa mpaka ubavuni mwa boti, mtu anajua kabisa huyu ni wangu. Halafu mshipi unakuwa mwepesi ghafla, na maji yanabaki yakizunguka peke yake.

Na boti haikuwa yake. Ilikuwa ya Delbert. Kiti cha nyuma kilikuwa cha mumewe, Norb, mpaka mgongo wa Norb ulipokataa mawimbi, ndipo Marlys akakirithi. Huu ulikuwa mwaka wake wa pili. Wiki nzima alisimama kiwandani akifunga jibini, kofia ya wavu kichwani, hana wa kuongea naye kwa sababu ya kelele za mashine. Jumapili ndiyo ilikuwa yake. Mto Mississippi ukishapasuka vipande vipande kati ya visiwa, upande ule wa Wisconsin, mpunga pori umesimama pande zote na maji yametulia, Marlys alijisikia mtu kamili.

Sasa kesho ilikuwa fainali ya mashindano ya klabu ya wavuvi, na jana jioni Delbert alikuwa amesema waziwazi, mezani, mbele ya Norb na sahani za samaki wa kukaanga: "Akipoteza hata mmoja Jumapili, mwakani kiti ni cha Kip."

Kip alifanya kazi na Delbert kwenye machimbo ya kokoto. Alikuwa ameshakuja kukikalia kile kiti, kuona kama kinamtosha.

"Anzia hapa," Delbert alisema, akichomoa ufito mnene kutoka safu ya mwisho. Akautikisa hewani, fyuu, fyuu. Akausukuma ncha yake darini mpaka ukapinda, akafumba macho, akatikisa kichwa kama mtu anayeonja supu. "Huu una mfupa."

Mbao za dari juu ya zile fito zilikuwa zimejaa vishimo, kana kwamba kuku walitembea kichwa chini wakidonoa. Watu wote wa mto ule walichagua fito kwa namna hiyo. Ufito hauna mshipi, hauna gurudumu la kukunjia, hauna samaki. Wanausukumiza darini, wanafumba macho, wanalipa.

"Huo ni kama ule wa pili," Marlys akasema taratibu.

"Ule wa pili haukuwa na kosa."

"Umenipotezea samaki watano, shemeji."

"Ufito haumpotezi samaki. Mvuvi ndiye anayempoteza."

"Basi tunanunua mwingine wa nini?"

Delbert akaurudisha ule mnene safuni. Aliuchukua mwingine, fyuu, fyuu.

Ufito wa kwanza ulikuwa wa Norb, mwembamba na laini, wa kuvulia walai, samaki anayeishi maji ya wazi. Besi wawili walimvuta Marlys nao moja kwa moja hadi kwenye mashina ya mpunga, na alipofanikiwa kuwavuta wakawa wamechoka wao na yeye, na bado wakamponyoka ubavuni. Ndipo Delbert akamwona mtu fulani kwenye televisheni, bingwa wa maziwa ya kusini, akisema kwamba chambo cha kuogelea kinataka ufito mgumu. Wakaununua. Ulikuwa kama mpini wa ufagio.

Chambo chenyewe kilikuwa kitu kidogo tu: kichwa cha risasi chenye ndoana, kimevalishwa sketi ya nyuzi za mpira. Unakitupa katikati ya majani na kukivuta polepole, kinaogelea kama kidagaa kilichopoteza wenzake. Lavonne alivifunga mwenyewe kwa mkono, na watu wa pale walivua navyo kuliko vya viwandani.

"Mkono wake ni wa kulia?" Wendell akamuuliza Delbert, akitazama magurudumu ya kukunjia.

"Wa kulia," Delbert akajibu.

"Wa kushoto," Marlys akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu kuzaliwa, shemeji."

"Hukuniambia!"

Miaka miwili alikaa nyuma ya huyu mtu, hatua tatu kutoka mgongoni kwake. Marlys alishusha pumzi kupitia puani. Alitamani kutoka, kuingia kwenye gari, na kulia vizuri kidogo, lakini ufunguo wa gari ulikuwa mfukoni mwa Delbert.

Hapo ndipo Lavonne Tischer mwenyewe alipotokea mlango wa nyuma, mikono imelowa kutoka kwenye matangi ya samaki wadogo. Alikuwa mwanamke mpana, wa miaka sitini na mitatu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe.

"Ninyi wawili nyamazeni," alisema. "Marlys, wewe unataka nini?"

Walikuwa wamekaa mle ndani karibu nusu saa, na lilikuwa swali la kwanza kuulizwa yeye.

"Nataka samaki aingie botini," Marlys akasema.

"Wanakuponyoka wapi?"

"Ubavuni mwa boti."

"Wote?"

"Wote saba."

Lavonne akakunja uso. "Wote mahali pamoja? Hilo si jambo la kutikisa ufito hewani. Delbert, boti yako iko nje?"

"Iko kwenye trela. Kwani?"

"Marlys, lete ule ufagio wako, na wa Norb kama unao garini. Mimi nakuja na wangu mmoja. Leo nakuwa besi."

Wakatoka wote kwenye maegesho ya kokoto. Marlys alipanda botini, boti ikiwa juu ya trela yake, na Delbert akapanda naye akicheka, akasimama mahali pake pa siku zote. Lavonne akakata ncha ya ndoana kwa koleo ili isimchome, akaining'iniza kwenye kidole chake alichokikunja, akarudi nyuma hatua ishirini.

"Sikilizeni," alipaza sauti. "Mshipi ukikaza, ndoana inabaki kidoleni. Ukilegea, inaanguka, nami nimekwenda zangu. Na mnichoshe upesi, magoti yangu mabovu."

Wakaanza na ule mgumu. Lavonne alivuta kushoto, Marlys akavuta. Lavonne akageuka ghafla akakimbia kuelekea botini, kama besi anavyofanya. Ufito ukanyooka palepale, mshipi ukalegea, ndoana ikaanguka kwenye kokoto.

"Nimetoka! Huu haupindi, kwa hiyo haunifuati. Ndoana zangu ni za waya mwembamba, zinaingia mdomoni kwa mguso tu. Hazihitaji gongo."

"Mtu wa televisheni alisema..." Delbert akaanza.

"Mtu wa televisheni anatumia ndoana nene kama msumari wa reli. Amekuja lini hapa? Wa pili!"

Ufito wa Norb ulimshika Lavonne vizuri mpaka alipoamua kuzunguka nyuma ya mashine ya soda. Ulipinda hadi kwenye mpini, ukatetemeka, na Marlys hakuweza kumrudisha hata hatua moja. Lavonne alisimama kule nyuma akiwa hajali, kama samaki aliyefika kwake. Mtu na mkewe waliokuwa wanajaza barafu kwenye boksi lao walisimama kutazama.

Kisha ukaja wa tatu, ule wa Lavonne. Futi saba na inchi mbili. Chini ulikuwa imara, Marlys aliusikia ule uimara ukimjia mpaka kwenye kiwiko, lakini theluthi ya juu iliinama bila kubishana. Lavonne akakimbia huku, mshipi ukamfuata. Akarudi kule, ncha ikanyooka polepole pamoja naye. Akaruka, kama mtu wa miaka sitini na mitatu anavyoruka. Akajaribu kwenda nyuma ya mashine ya soda, na Marlys akaegemeza mpini kwenye nyonga, akamgeuza njiani.

"Huu!" Lavonne alisema akihema. "Huu ndio! Nivute, nimechoka!"

Kwa mara ya kwanza siku ile Marlys alicheka. Alimkunja taratibu, hatua kwa hatua, mpaka Lavonne akafika ubavuni mwa trela. Delbert akainama, akaudaka mshipi kwa mkono, akauzungusha kiganjani mara moja, akavuta juu.

Lavonne akatikisa kidole kidogo tu. Ndoana ikaanguka.

Wendell aliyekuwa mlangoni alishusha kikombe chake.

"Nani kashika mshipi?" Lavonne akauliza, akitazama kidole chake.

"Nani?" Delbert akasema, mkono bado uko hewani, mshipi umezunguka kiganja.

"Wewe, Delbert!"

"Mimi nilikuwa nakuingiza tu."

"Ukishika mshipi umeuondoa ufito kazini. Mkono wako haupindi! Samaki akitikisa kichwa mara moja, ndoana nyembamba inatoka. Unafanya hivi kila siku?"

Marlys akautazama ule mkono. Alikuwa anawaona wote saba, mmoja mmoja. Yule wa Juni, chini ya daraja la reli. Yule mkubwa wa Julai. Na kila alipomkumbuka mmoja, aliuona mkono, wenye saa nyeusi na kovu alilolipata machimboni, ukishuka majini mbele yake.

"Kila siku," alisema. "Kila samaki, shemeji. Wote saba."

"Kumbe samaki wote umewapoteza wewe, Delbert!" Wendell akapiga paja. "Huyu dada wa watu amebadilisha fito tatu kwa ajili ya mkono wako!"

Delbert akawa mwekundu mpaka masikioni. "Nimevua mto huu miaka thelathini. Wangu wananitoka? Muulize. Wananitoka?"

Hawakumtoka, ilikuwa kweli. Delbert alivulia vyura wa mpira wenye ndoana nene mbili, mshipi kama kamba ya viatu, na besi wake walirushwa botini kama viatu vikuukuu.

"Wako wana msumari mdomoni," Lavonne akasema. "Wake wana sindano. Chukueni wavu, yaishe." Akaingia ndani akarudi na wavu wenye mpini mfupi.

"Wavu hauingii kwenye boti yangu. Wavu ni wa watu wa walai."

"Shemeji, basi usishike tu," Marlys akasema. "Niachie mimi. Ni hilo tu naomba."

"Boti ya nani?"

Marlys akatazama kokoto.

"Nimeuliza, boti ya nani? Mbele ya watu mnanifanya mimi ndiye ninayekupotezea samaki. Chukua ufito wako. Kesho tutaona ni mkono wa nani. Ukipoteza mmoja, usinililie."

Akashuka, akaingia kwenye gari, akafunga mlango kwa kishindo. Marlys aliulipia ule wa futi saba na inchi mbili. Lavonne alimwongezea vyambo viwili bure, vya rangi ya majani mabichi, bila kusema lolote. Njia nzima hadi nyumbani Delbert aliongea juu ya hali ya hewa.

Jumapili kulikuwa na mawingu, joto limekaa kifuani. Kila boti iliruhusiwa samaki watano, hai, wakapimwe saa tisa kamili. Kufikia saa saba Delbert alikuwa ameshaingiza wanne, wawili wazuri, wawili wa kujazia. Kila alipomrusha mmoja botini alimtazama Marlys kwa pembe ya jicho. Marlys hakuwa amepata hata mguso.

"Ufito mzuri sana," Delbert alisema akila mkate wake wenye soseji. "Unapendeza. Hata samaki wanaogopa kuuchafua."

Marlys akageukia mpunga. Alitupa, akavuta, akatupa. Mikono ilikuwa inauma. Jambo lililomkera kuliko yote ni kwamba hakujua sasa aombe nini. Asiponasa kitu, Delbert atasema ufito haufai kitu. Akinasa, ule mkono utakuja.

Saa nane na robo, pembeni mwa kisiwa, chambo kilipita kwenye uwazi mdogo kati ya mpunga, na ule mpunga ukayumba. Mshipi ukawa mzito. Marlys hakuvuta kwa nguvu. Aliuacha ufito uiname, kisha akaegemea. Samaki akageuka kwenda kwenye mashina, ufito ukakataa, akarudi.

"Amenasa! Amenasa!" Delbert alitupa mkate wake. "Usimlegeze! Mlete hapa mbele!"

Huko mbele ndiko Delbert alikokuwa. Marlys aliona saa nyeusi, aliona mkono ukianza kukunjuka. Miguu yake ikaamua kabla yake. Alirudi nyuma, akakipita kile kiti cha kupiganiwa, mpaka kwenye kona kando ya injini, mahali ambapo mtu mmoja tu ndiye anayeweza kusimama.

"Unakwenda wapi? Mlete huku!"

"Kaa huko, shemeji."

"Marlys!"

"Kaa huko!"

Hakuwahi kupaza sauti namna ile, hata kwa watoto wake. Ndege fulani mweupe aliruka kutoka majanini. Delbert alikuja hata hivyo, boti ikayumba, akanyoosha mkono juu ya bega lake. Marlys akamzuia kwa nyonga, akapiga magoti, akalala kifudifudi juu ya ukingo, ufito juu kabisa katika mkono wa kushoto, ncha yake ikiinama na kuinuka na kuinama. Samaki alikuja juu mdomo wazi. Akatikisa kichwa mara moja, mara mbili. Ncha ikamfuata. Marlys akazamisha mkono wa kulia hadi begani, akambana mdomo wa chini kwa kidole gumba, akajiviringisha ndani ya boti pamoja naye, maji ya mto puani, kifungo cha shati kimekatika.

Chambo kilidondoka chenyewe sakafuni. Kilikuwa kimeshika kwa ngozi tu.

Delbert alisimama akimtazama samaki. Alikuwa wa ratili nne na zaidi, mkubwa kuliko wale wanne.

"Umenipiga nyonga," alisema mwishowe.

"Ndiyo," Marlys akasema.

Walishika nafasi ya pili. Kwenye meza ya mizani, chini ya turubai, wanaume walimzunguka Delbert, chupa za bia mkononi, wakauliza yule mkubwa alitokaje. Delbert akauchukua ufito kutoka mkononi mwa Marlys bila kuomba, akautikisa hewani, fyuu, fyuu.

"Siri ni hii," alisema. "Nilimwambia tangu zamani, mama, achana na fito ngumu. Chambo cha kuogelea kinataka ncha laini. Jana nikampeleka mwenyewe kwa Lavonne, tukachagua mpaka tukaupata. Futi saba, inchi mbili. Sasa unaona? Tatizo lilikuwa ufito."

Akamgeukia Marlys, uso umejaa ukarimu. "Mwakani tuko pamoja, shemeji. Kip atafute boti yake."

Basi kiti alikuwa amekipata. Marlys alisubiri furaha ije. Ilikuja kidogo, ikasimama mlangoni, ikakuta pamejaa hasira, ikarudi. Maneno yote aliyotakiwa kuyasema alikuwa nayo safari hii, yamepangana vizuri kabisa mdomoni, na wale wanaume walikuwa wameshampa mgongo, wanapokezana ufito wake, kila mmoja anausukuma ncha yake kwenye turubai na kufumba macho.

Mtu alimgusa kiwiko. Alikuwa Arlette, mwanamke mdogo wa umbo, aliyevua na mumewe Curt kwenye boti nyekundu. Hawakuwahi kuongea zaidi ya salamu.

"Samahani, dada," Arlette akasema kwa sauti ya chini. "Huo ufito wako ni wa namba gani? Wangu wananitoka sana. Nimeshabadilisha mara mbili."

"Wanakuponyoka wapi?"

"Hapo hapo ubavuni. Wamefika kabisa."

Marlys alimtazama. Kisha akamtazama Curt, aliyekuwa amesimama kwenye duara la wanaume, ufito wa Marlys mkononi, akieleza jambo.

"Wakifika ubavuni," Marlys akauliza, "nani anashika mshipi?"

Arlette akafungua mdomo kujibu. Akaufunga. Akageuka taratibu kumtazama mumewe, na Marlys akaona shingo yake ikianza kuwa nyekundu, kutoka chini kwenda juu.